Kiungo Kikifa, Faili Limekwenda Wapi?

Ndugu wasikilizaji, leo tuzungumzie huduma za kutumiana mafaili kwa muda. Unapakia faili, unapewa kiungo, unamtumia mwenzako, na siku kadhaa baadaye kiungo kinakufa. Wengi huamini kwamba kifo hicho ndicho kinga yao. Mimi siamini hivyo.

Unapopakia, seva, yaani kompyuta ya mwenye huduma, hulihifadhi faili na kuandika rekodi fupi: kitambulisho chake, saa ya mwisho, na mara ngapi linaruhusiwa kupakuliwa. Muda ukiisha, programu ndogo hupita kufagia. Mara nyingi kinachoondoka papo hapo ni rekodi tu. Data yenyewe yaweza kubaki kwenye diski mpaka nyingine iandikwe juu yake, au kwenye nakala rudufu. Na aliyekwisha kupakua, nakala yake anayo.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: kiungo kikiwa hai, nani anaweza kukifikia? Mwenye kiungo haulizwi jina. Kikiishia kwa alama 5 tu, kila moja ikiwa herufi ndogo au tarakimu, michanganyiko yote ni 60,466,176. Kompyuta inaweza kuijaribu mmoja mmoja pasipo kuchoka. Ongeza alama moja, idadi hiyo inazidishwa kwa 36. Msivichukie viungo virefu.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Machi 2019 Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ilizindua huduma ya namna hii iitwayo Firefox Send. Faili lilisimbwa, yaani liligeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo, ndani ya kivinjari chako kabla halijatoka, na ufunguo ukawekwa mwishoni mwa kiungo, baada ya alama ya reli (#). Kivinjari hakipeleki kwa seva chochote kinachofuata alama hiyo. Basi seva ilitunza mzigo ambao yenyewe haikuweza kuusoma! Kwangu huo ni ufundi wa heshima: mwenye huduma amejinyima uwezo wa kukuchungulia. Kiungo kilidumu siku 7 au upakuaji 100 kwa upeo, na kiliweza kukoma mapema zaidi.

Sifa hizo hizo ziliiponza. Walaghai waliitumia kusambaza programu hasidi, kwa kuwa yaliyomo hayakaguliki, jina la Mozilla linaaminika, na kiungo hakidumu mpaka mchunguzi afike. Julai 2020 huduma ilisimamishwa; Septemba ikafungwa kabisa. Iliniuma. Lakini msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, ulikuwa wazi kwa yeyote, na wapo walioendelea kuuendesha kwenye seva zao.

Ukitumia huduma ya namna hii, weka nenosiri, na ulipeleke kwa njia nyingine: kiungo kwa baruapepe, nenosiri kwa kupiga simu. Angalia pia kiungo cha kufunguliwa mara moja. Baadhi ya programu za gumzo hukifungua zenyewe ili kuonyesha hakikisho, yaani kionjo cha yaliyomo, na kwa huduma inayohesabu kila ufunguzi, mlengwa wako atakikuta kimeshatumika.

Karibuni kwa maswali.