Ni Moyo au Moto? Mwangwi katika Miksi ya Nyumbani

Asalaam aleikum. Nashukuru mmekuja wengi, na wengine naona mmebeba kompyuta kabisa. Nimeombwa nizungumzie plagini za mwangwi, yaani programu ndogo za kompyuta zinazoiongezea sauti mwangwi: ipi ya bure, ipi inafaa, namba gani ziwekwe. Nitafika huko. Kwanza niwape swali nililoulizwa na mzee mmoja wa hapa Amu, nilipompelekea kasida niliyoirekodi chumbani kwangu. Niliimwagia mwangwi wa holi kubwa, sekunde 4 na ushei, nikaamini imenoga. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Mwanangu, ubeti wa pili kasema moyo au moto?"

Nilirudi nyumbani nikairudia. Hata mimi niliyekuwa chumbani mwimbaji akiimba sikuweza kuapa. Tangu siku hiyo kila miksi yangu huanza na swali la mzee yule.

Angalieni kinachotokea. Herufi t ni mshindo mdogo, unapita kufumba na kufumbua. Irabu ndiyo yenye nguvu na ndiyo inayovutwa na mwimbaji. Kiswahili chetu takriban kila silabi huishia kwa irabu, basi kila irabu inaacha mkia, na mkia ule unailalia konsonanti inayofuata. Mkia ukiwa mrefu, neno linazama. Mipangilio inayokuja na plagini haikutungwa na mtu aliyekuwa akifikiria tenzi, kwa hiyo msiichukulie kama amri.

Sasa, mwangwi ni nini? Ni mahali. Sauti inatoka, inagonga ukuta, inarudi, inagonga mwingine, maelfu ya mara, mpaka inachoka. Sisi tumezaliwa ndani ya somo hili. Piga kofi kwenye daka la nyumba ya mawe, kisha ingia ndani upige tena, halafu utoke kiwandani, yaani uani, chini ya uwazi wa mbingu. Makofi matatu, mahali patatu. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko, karibu mita 3. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ukisimama kando ya ukuta mmoja, inaufikia wa pili na kukurudia kwa milisekunde 18 hivi. Boriti za dari zinaivunjavunja, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinaitawanya. Ndiyo maana mtu akisoma ndani ya nyumba zile unamsikia kila herufi, na bado sauti ina mwili.

Wenzetu wa zamani waliutafuta mwangwi kwa jasho. Mwaka 1947, kule Chicago, fundi Bill Putnam alilitumia bafu kama chumba cha mwangwi kwa rekodi ya kundi la Harmonicats. Mwaka 1957 Wajerumani wakatoa kifaa cha mwangwi kiitwacho EMT 140: bamba la chuma la kama mita 2 kwa 1, limening'inizwa ndani ya kasha, mtambo wa zaidi ya kilo 200. Leo bamba lile limo kwenye simu. Ukiona plagini imeandikwa "plate", ndilo hilo linaloigwa, na kwa sauti ya mwimbaji mimi hulipenda kuliko holi, maana linajaa upesi bila kuisukuma sauti mbali.

Kwa anayeanza bila fedha, Dragonfly Reverb ni ya bure, ina chumba, holi na bamba. Yatosha kwa miaka. Valhalla Supermassive nayo ni ya bure na ni nzuri mno, ila kazi yake ni anga kubwa lisilo na mwisho. Itumieni kwenye zumari au kinanda, msiiguse kwa maneno. Anayetumia Reaper, programu ya kurekodia, tayari anayo plagini ya ReaVerb. Hiyo inapokea alama ya mahali halisi: usiku mji ukitulia, pasueni puto sebuleni kwenu, mrekodi mlio na mkia wake, mpakie ndani. Mwimbaji wako atakuwa anaimba nyumbani kwa bibi yako.

Fungua chaneli moja ya mwangwi mtupu, asilimia 100, kila sauti ipelekewe humo kwa kiasi chake. Kompyuta itapumua, na waimbaji wote watakuwa nyumba moja. Ndani ya chaneli hiyo kata besi chini ya 500 Hz, na juu punguza kuanzia 8,000 Hz, kwa kuwa s, sh na z zinawaka sana kwenye mwangwi mkali. Mkia uwe sekunde 1.2 hadi 1.8 kwa shairi. Kisha chelewesha mwanzo wa mwangwi, ili konsonanti ipite kwanza. Gawanyeni 60,000, ndizo milisekunde za dakika moja, kwa mapigo ya wimbo kwa dakika: wimbo wa mapigo 80 unatoa 750, sehemu yake ya kumi na sita ni karibu milisekunde 47. Hapo neno linatangulia, mwangwi unafuata nyuma kwa mwendo wa ngoma.

Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Shairi letu lina mizani 16 katika mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, na vina viwili. Washairi wameshatuonyesha mwangwi ukae wapi! Chora otomesheni, ule mstari unaopandisha na kushusha kiasi cha mwangwi wimbo ukienda: ukwapi na utao vikavu, bila mwangwi, kina cha kati kiinuke kidogo, kina cha mwisho kiinuke desibeli 3 au 4, mkia uzibe pengo pale mwimbaji anapovuta pumzi. Silabi ya mwisho hainyang'anywi na neno lolote, basi iache ilie.

Ukimaliza, mpe mtu asiyelijua shairi, umwekee kwa spika ya simu, aliandike. Akikosea neno, punguza mkia kabla hujagusa kitu kingine.

Nimekuja na ile ile kasida ya mzee, mwimbaji ameniruhusu. Tafadhali zimeni feni. Nitaicheza kavu kwanza, kisha ya zamani, kisha ya leo, na ubeti wa pili kila mtu aandike alichosikia.