Miji Iliyosajiliwa kwa Ajili ya Ng'ombe

Ndugu wasikilizaji, Cerritos ya leo, kusini-mashariki mwa Los Angeles, jimbo la California, ni maduka na nyumba zilizobanana. Mji huo ulisajiliwa mwaka 1956 kwa jina la Dairy Valley, yaani Bonde la Maziwa. Jirani yake La Palma ulianza 1955 ukiitwa Dairyland, na Cypress nao, kwa muda mfupi tu, ulikuwa Dairy City. Dairy Valley ng'ombe waliwazidi watu kwa mbali.

Waliosukuma usajili huo ni wafugaji, wengi wao familia za wahamiaji: Wareno wa visiwa vya Azores na Waholanzi. Kwa kawaida mtu alianza kama kibarua wa kukamua, akajipatia ng'ombe mmoja mmoja, akakodi zizi, kisha akanunua ekari chache.

Ekari chache zilitosha kwa sababu hakukuwa na malisho. Ng'ombe walikaa zizini mwaka mzima, na majani makavu ya alfalfa yaliletwa kwa lori. Shida ilikuwa upande wa pili wa ng'ombe. Mmoja hutoa takribani kilo 60 za kinyesi na mkojo kwa siku. Mia moja ni tani 6, kila siku, hakuna sikukuu. Asiye na shamba la kumwagia hurundika samadi, huikausha, humuuzia mwenye michungwa. Michungwa ikikatwa kupisha nyumba, mnunuzi ameondoka, na mahali pake amehamia jirani anayelalamikia nzi. Katika kitongoji cha Lakewood, mlangoni mwao, nyumba 17,500 zilianza kujengwa mwaka 1950.

Kuwa mji kulimkinga mfugaji asimezwe na mji jirani, na kulimpa mamlaka ya kukataa viwanja vidogo vya nyumba. Kodi ya ardhi hakukuigusa. Mthamini wa kaunti alikadiria ardhi kwa bei ambayo mjenzi wa nyumba angelipa, hata kama juu yake kuna zizi. Sheria ya California iitwayo Williamson, ya 1965, iliruhusu mkataba wa miaka 10, unaojiongeza kila mwaka, ambapo ardhi hutozwa kwa thamani yake ya kilimo. Mwaka huohuo Dairyland ilikuwa inabadili jina. Dairy Valley ikafuata 1967.

Husemwa kwamba nyumba ziliwafukuza wafugaji. Hiyo ni nusu ya habari. Aliyeuza kwa fedha taslimu alikatwa kodi ya faida ya mauzo. Aliyebadilishana shamba kwa shamba aliahirisha kodi hiyo. Basi mjenzi alinunua kwanza shamba ambalo mfugaji amelichagua, tuseme huko Chino, mashariki zaidi ya jiji, kisha wakabadilishana hati. Ekari moja ya karibu na jiji ilizaa ekari kadhaa za mbali, na zizi jipya likajengwa kubwa kuliko la zamani. Kila hatua ya kuhama iliongeza kundi. Chino nako nyumba zikafika, na wengi wakasogea tena, hadi kaunti za Tulare na Kern, kaskazini zaidi.

Kuhama kwenyewe kulibanwa na kiwele. Ng'ombe hukamuliwa kila baada ya saa 12. Akicheleweshwa, maziwa hupungua na ugonjwa wa kiwele hunyemelea. Kwa hiyo mashine za kukamulia na tangi la kupozea maziwa hadi nyuzi 4 vilipaswa kuwa vinafanya kazi kule kabla lori la kwanza halijapakia: asubuhi wakamuliwe zizi la zamani, jioni zizi jipya.