Mwezi wa Serikali si Mwezi Wako: Mhadhara kwa Wazazi Wafanyakazi Uingereza

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni kwa nyote. Naona wengine mmetoka zamu moja kwa moja, sare bado mwilini, na watoto wako pale nyuma na biskuti zao. Sitawachelewesha.

Kwetu ukitaja benefiti, mtu humfikiria aliyelala nyumbani. Lakini yapata theluthi ya wanaopokea Universal Credit, ile ruzuku ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo, wako kazini: wanaosafisha ofisi, wanaotunza wazee, wanaopanga bidhaa ghalani usiku. Mshahara haufiki kwenye kodi ya nyumba, basi serikali inajazia. Ruzuku hii ilianza Aprili 2013 kule Ashton-under-Lyne, ikazimeza ruzuku sita za zamani, na zile tax credits zilizokuwa zikiwasaidia wazazi zilifungwa kabisa Aprili 2025. Kwa hiyo mzazi wa kipato kidogo leo hana mlango mwingine mkubwa ila huu.

Kinachowaumiza wazazi walio kazini mara nyingi si kiwango cha pesa. Ni tarehe. Universal Credit ina mwezi wake, na mwezi huo hauanzi tarehe mosi wala hauanzi siku ya mshahara. Unaanza siku uliyotuma maombi. Ukituma tarehe 10, kipindi chako cha tathmini ni kuanzia tarehe 10 hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na pesa zinaingia siku saba baadaye, tarehe 16. Ndiyo maana mara ya kwanza mtu hungoja wiki tano. Ukiomba malipo ya awali utapewa, lakini huo ni mkopo: hauna riba, ila unakatwa kila mwezi kwa muda wa hadi miaka miwili. Omba kiasi cha kukuvusha tu, hata kama skrini inakuonyesha kiasi kikubwa zaidi.

Sasa hesabu. Viwango nitakavyotaja ni vya mwaka wa fedha 2025/26. Kila Aprili hubadilika, kwa hiyo shikeni namna ya kukokotoa.

Chukua mama anayelea peke yake, amevuka miaka 25, ana watoto wawili, mmoja wa 2015 na mwingine wa 2022. Anapanga nyumba ya kaunsili, yaani halmashauri, huko London kwa pauni 800 kwa mwezi. Stahili yake mwenyewe ni pauni 400.14. Mtoto wa kwanza, kwa kuwa alizaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 2017, ni 339. Wa pili ni 292.81. Ongeza kodi ya nyumba: jumla pauni 1,831.95. Hicho ndicho kilele. Tuseme mshahara wake mkononi, baada ya kodi ya mapato, National Insurance (makato ya hifadhi ya jamii) na mchango wa pensheni, ni pauni 1,050. Pauni 411 za kwanza haziguswi, kwa sababu ana mtoto na analipiwa nyumba. Asiyelipiwa nyumba huachiwa 684. Zinabaki 639, na katika kila pauni moja ya hizo serikali inaondoa peni 55. Makato ni pauni 351.45, na ruzuku yake inakuwa 1,480.50. Child Benefit, ile posho ya watoto, iko nje ya hesabu hii. Ni pauni 26.05 kwa wiki kwa mtoto wa kwanza na 17.25 kwa kila anayefuata, na huombwa peke yake.

Mtu huniuliza: nikiongeza saa, nafaidika? Unafaidika, ila kidogo. Saa moja ya kima cha chini ni pauni 12.21. Ukishavuka kiwango cha kulipa kodi ya mapato na National Insurance, mkononi inabaki 8.79, na baada ya makato ya ruzuku unabaki na pauni 3.96. Kama saa hiyo inakulazimu kupanda basi la pili, piga hesabu kabla hujamwambia meneja ndiyo.

Turudi kwenye tarehe, maana hapo ndipo watu wanapopigwa chenga. Mama yuleyule analipwa tarehe 28 ya kila mwezi, na kipindi chake kinaanza tarehe 28 hadi 27. Ikitokea tarehe 28 ni Jumamosi, mwajiri analipa Ijumaa tarehe 27. Mishahara miwili imeingia kipindi kimoja: wa tarehe 28 ya mwezi uliopita na huu wa leo. Kompyuta inaona pauni 2,100. Ruzuku inashuka hadi 903. Kipindi kinachofuata haina mshahara wowote inaouona, kwa hiyo inalipa 1,831.95 zote. Utasema yameingiliana, yamesawazika. Hayakusawazika. Jumlisha miezi miwili: 2,734.95, wakati miezi miwili ya kawaida ingempa 2,961. Pauni 226.05 zimeyeyuka, kwa sababu ile 411 isiyoguswa ametumia mara moja badala ya mara mbili.

Akina mama wanne walilipeleka jambo hili mahakamani, na Juni 2020 Mahakama ya Rufani ikawapa haki. Kanuni zikabadilishwa Novemba mwaka huo. Anayelipwa kwa mwezi sasa anaweza kuandika kwenye ile shajara yake ya mtandaoni kwamba mishahara miwili imehesabiwa kipindi kimoja, na kuomba mmoja uhamishiwe kipindi kingine. Andika kwa maneno yaliyonyooka: tarehe ya kawaida ya mshahara ni ipi, safari hii umelipwa lini, unaomba upi uhamishwe. Ambatisha slipu zote mbili. Usitegemee kwamba mtu ataona mwenyewe.

Ila kanuni hiyo haimsaidii anayelipwa kwa wiki au kila wiki nne. Anayelipwa kila wiki nne hupata mishahara 13 kwa mwaka, na mara moja lazima miwili iangukie kipindi kimoja. Wa kila wiki atapata vipindi vya mishahara minne na vingine vya mitano. Hapo hakuna rufaa. Kuna kuweka akiba tu mwezi ule mshahara unapozidi. Chukueni kalenda ya mwaka mzima, zungushieni siku za mshahara, pigeni mstari kwenye mwisho wa kila kipindi. Ni kazi ya dakika 10. Na kwa ambaye bado hajaomba: kama mshahara wako ni tarehe 28, usiombe tarehe hiyohiyo wala siku moja mbili kabla yake. Siku chache za subira zinaweza kukuokoa miaka ya usumbufu, ingawa usisubiri wiki nyingi, kwa kuwa kwa kawaida hakuna malipo ya siku za nyuma.

Tarehe hizohizo zinagusa kile kikomo cha jumla cha ruzuku. Kwa familia yenye watoto, ruzuku zote pamoja, Child Benefit ikiwemo, zisizidi pauni 2,110.25 kwa mwezi ndani ya London na 1,835 nje yake. Wenye kodi kubwa za nyumba ndio wanaogonga dari hiyo. Kikomo hakimgusi ambaye kipato chake cha kazi, au cha wanandoa kwa pamoja, kimefika pauni 846 katika kipindi. Kiasi hicho kimekokotolewa kwa saa 16 za kima cha chini kwa wiki, na watu husema, basi nitafanya 16 nimalize. Tazama sasa: saa 16 ni pauni 195.36 kwa wiki; mara nne ni 781. Anayelipwa kila wiki nne hafiki 846 hata akifanya saa zake zote. Mama mmoja alipambana nalo hadi Mahakama ya Rufani mwaka 2021, akashindwa. Jawabu la vitendo ni kuomba saa 18: mara nne zinakuwa pauni 879, na hata ukitoa mchango wa pensheni bado umevuka. Aliyekuwa akivuka kiwango kwa miezi 12 mfululizo kisha kipato kikashuka ana miezi tisa ya kuachwa kwanza kabla ya kikomo kumkata.

Malezi ya watoto. Universal Credit hurudisha asilimia 85 ya gharama, hadi pauni 1,031.88 kwa mtoto mmoja na 1,768.94 kwa wawili au zaidi. Hakuna idadi ya chini ya saa za kazi, ila kama mko wawili kwa kawaida wote wawili muwe kazini. Nasari ikikutoza 1,200, unarudishiwa 1,020. Neno la kushika ni "unarudishiwa": unalipa kwanza, unapakia risiti, ndipo unapata. Anayeanza kazi au anayeongeza saa amwombe mshauri wake wa kazi alipiwe malipo ya mwanzo. Mfuko wa kulipia hayo upo tangu zamani, na tangu Juni 2023 wameelekezwa kuutumia kwa ajili hii. Wengi hawaambiwi. Uliza, na uliza kwa maandishi.

Maombi ya nasari hukataliwa kwa mambo madogo. Risiti haina namba ya usajili wa Ofsted, wakaguzi wa nasari na shule za England. Haina jina la mtoto, au haionyeshi siku zinazolipiwa. Au umechelewa: mwisho wa kuripoti ni mwisho wa kipindi kinachofuata kile ulicholipa. Na bibi au shangazi anayemlea mtoto nyumbani kwako, hata ukimlipa kila Ijumaa, hahesabiwi. Najua hapo ndipo tunapotegemea zaidi.

Saa 30 za bure za malezi kwa wiki, za England, ni mfuko mwingine. Tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto wa miezi tisa, kwa mzazi anayepata walau pauni 2,539 kwa miezi mitatu, na kama mko wawili kila mmoja afikishe. Lakini ni kwa wiki 38 za mwaka. Nasari ikizitandaza mwaka mzima utaona saa 22 hivi kwa wiki, wala hujaibiwa. Ni 1,140 zilezile. Msimbo wa kumpa nasari ili upate saa hizo uombwe kabla ya tarehe 31 Agosti, 31 Desemba au 31 Machi kwa muhula unaofuata, kisha uthibitishwe kila miezi mitatu. Saa hizi na Universal Credit huenda pamoja. Ile akaunti ya Tax-Free Childcare, ambayo serikali huongeza pauni 2 kwa kila 8 unazoweka, haiendi pamoja na Universal Credit hata siku moja. Chagua moja.

Kwa haraka: punguzo la Council Tax, kodi ya kaunsili, haliji lenyewe, liombe kaunsili. Na kikomo cha watoto wawili kilichowanyima stahili wengi waliozaliwa tangu tarehe 6 Aprili 2017, bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kukiondoa kuanzia Aprili 2026. Mwenye mtoto wa tatu au wa nne hakikisha ameandikishwa kwenye akaunti yako.

Sasa mambo yetu sisi wa kutoka pwani na bara. Mwenye viza yenye sharti la kutotegemea fedha za umma asiombe Universal Credit wala Child Benefit; inaweza kumharibia makazi yake. Kama mwenzi wako ndiye mwenye sharti hilo na wewe huna, unaweza kuomba, utalipwa kiwango cha mtu mmoja, ila mshahara na akiba yake vyote vitahesabiwa. Chakula cha shule cha bure England kinawafikia hata watoto wa familia zenye sharti hilo, kipato kikiwa kidogo. Kabla ya fomu yoyote hapa, muone mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si binamu mwenye uzoefu.

Akiba ikizidi pauni 6,000 unapunguziwa 4.35 kwa kila 250 ya ziada; ikizidi 16,000 huna kitu. Na akiba si iliyo benki ya hapa tu. Kiwanja Kigamboni, nyumba ya kupangisha Kisauni, vyote ni mali, kwa bei ya soko ukitoa asilimia 10 ya gharama za kuuza na deni lililo juu yake. Nyumba anayoishi mzazi wako aliyefikia umri wa pensheni wa hapa haihesabiwi. Zamu yako ya upatu ikiingia kwenye akaunti nayo inaonekana, kwa hiyo tunza daftari la wanachama. Pesa unazotuma nyumbani kila mwezi hazipunguzwi popote katika hesabu hizi, hata kama ni ada ya mdogo wako.

Ukisafiri, ruzuku huendelea kwa mwezi mmoja tu, na uwe umekusudia kurudi ndani ya huo. Akifariki ndugu wa karibu na haiwezekani kurudi kwa wakati, waweza kuongezewa mwezi mwingine. Andika kwenye shajara kabla ya kuondoka. Wiki sita za likizo ya watoto ni zaidi ya mwezi; hapo ndipo madeni mengi ya kurudisha yanapoanzia.

Uamuzi usioukubali, una mwezi mmoja wa kuomba uangaliwe upya, na jibu likija baya, mwezi mwingine wa kwenda kwenye baraza la rufaa. Hakuna ada. Nakili kila ulichoandika kwenye shajara, kwa sababu akaunti ikifungwa huenda usiifikie.

Sasa maswali. Walioleta barua, funikeni kwanza namba zenu za National Insurance kabla hamjampa jirani azisome.