Ng'ombe Asiyekamuliwa

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wafugaji, madaktari wenzangu, na vijana mliokuja na madaftari, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie afya na uzalishaji wa ng'ombe, wa maziwa na wa nyama. Hiyo ni bahari, na saa moja haitoshi kuivuka. Kwa hiyo nitamzungumzia ng'ombe mmoja ambaye katika mabanda mengi niliyoingia nimemkuta amesahauliwa: yule mwenye mimba kubwa ambaye hakamuliwi tena, tunayemwita mkavu.

Mwombe mfugaji akuoneshe ng'ombe wake. Atakupeleka moja kwa moja kwa anayejaza ndoo. Huyo ndiye mwenye pumba, mashudu na maji safi. Yule mkavu yuko pembeni anatafuna mabua yaliyobaki horini. Sababu naielewa: leo haleti kitu. Ila maziwa ya mwaka ujao yanatengenezwa ndani ya huyo wa pembeni, na ndama naye anakua humo humo. Zaidi ya nusu ya uzito atakaozaliwa nao ndama huongezeka katika miezi 3 ya mwisho ya mimba, wakati ule ule tunapompunguzia mama yake chakula.

Tuanze na hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283. Mwaka una siku 365. Ukitaka ndama mmoja kila mwaka, zinabaki siku 82 tangu azae hadi ashike mimba nyingine. Sasa toa siku 40 hivi ambazo mfuko wa uzazi unazihitaji ili urudi katika hali yake. Zimebaki kama 42. Ng'ombe hupata joto, yaani hutaka dume, kila baada ya siku 21. Maana yake una nafasi mbili tu za kumpandisha! Ng'ombe aliyezaa amekonda, au aliyezaa akaumwa, huzipoteza zote mbili, naye mwenye ng'ombe anabaki kuambiwa kwamba dume ni bovu au mbegu ya uhimilishaji, ile ya kupandikizwa kwa mrija, ilikufa. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kosa lilifanyika miezi 3 nyuma.

Wenzangu wa ng'ombe wa nyama, hili ni lenu kuliko mnavyodhani. Nyinyi hamna ndoo ya asubuhi ya kuwaonya kwamba mambo yameharibika. Mazao yenu ni ndama anayeachishwa kunyonya akiwa na uzito mzuri, basi. Mama asiyeshika mimba mwaka huu atakula malisho yenu mwaka mzima bila kuleta chochote, na mtakuja kugundua wakati wenzake wanazaa.

Turudi kwa mkavu wetu. Kwanza, apumzike. Mwache siku 60 bila kukamuliwa kabla ya tarehe ya kuzaa. Kiwele si ndoo inayosubiri kujazwa. Ni kiungo kinachovunja chembe zake zilizochoka na kujenga nyingine. Ukimkamua hadi karibu na kuzaa kwa sababu bado anatoa lita mbili tatu, lita hizo utazilipa kwa maziwa pungufu msimu mzima unaofuata. Siku ya kumkausha, mpunguzie chakula cha nguvu, mkamue mpaka mwisho, kisha acha kabisa. Msimkamue siku moja na kuruka mbili mkidhani mnamhurumia. Kila mkiifungua chuchu mnavunja kizibo ambacho mwili unajitengenezea kwenye tundu lake, na wadudu wa ugonjwa wa kiwele wanapita hapo. Wiki mbili za kwanza za ukavu ni za hatari sana kwa kiwele, na zile za mwisho kabla ya kuzaa pia. Kama robo moja ya kiwele ina maambukizi, huu ndio wakati wa kumwita daktari aweke dawa ya kukaushia, na muda wa kutouza maziwa uandikwe na kuheshimiwa. Dawa ikibaki kwenye maziwa inamfikia mtoto anayeyanywa.

Pili, mwili wake. Tunaupima kwa alama 1 hadi 5. Moja ni mifupa mitupu, tano ni mafuta yanayotikisika kwenye shina la mkia. Ng'ombe wa maziwa azae akiwa na alama 3 au 3 na nusu. Mnaijua hatari ya aliyekonda, sitaki kuirudia. Aliyenenepa ndiye anayewadanganya watu. Anang'aa, wageni wanamsifu, na siku akizaa hataki kula. Ng'ombe yeyote hupunguza kula kadiri kuzaa kunavyokaribia. Ndani ya wiki 3 za mwisho ulaji unaweza kushuka kwa thuluthi. Mnene hushuka zaidi na huchelewa kurudi. Maziwa yanatoka, chakula hakiingii, mwili unayeyusha mafuta yake, mafuta yanajaa kwenye ini, na damu inajaa sumu tunayoiita ketoni. Wenye pua nzuri hunusa pumzi yake ikiwa na utamu kama wa tunda lililoiva kupita kiasi. Ugonjwa huo huonekana wiki ya pili au ya tatu baada ya kuzaa, ila ulipandwa alipokuwa ananenepeshwa mwishoni mwa msimu wa kukamuliwa. Na msijaribu kumkondesha akiwa mkavu. Hapo mtayayeyusha mafuta hayo hayo kabla ya wakati.

Sasa nije kwenye jambo ninalolibeba tangu nilipoanza kazi. Niliitwa alfajiri kwa ng'ombe aliyezaa usiku, yuko chini, masikio ya baridi, shingo imepinda ubavuni. Homa ya maziwa, yaani kalsiamu imeshuka kwenye damu, haikuwa na ubishi. Nikamtundikia kalsiamu kwenye mshipa, polepole huku nasikiliza moyo, kwa sababu ikiingia kwa kasi inaweza kuusimamisha. Baada ya muda akajikusanya akasimama. Watu walifurahi, nikafunga mkoba nikaondoka. Baada ya siku kama kumi nikaitwa tena. Kondo la nyuma halikutoka lote, mfuko wa uzazi umeoza, hali chakula. Tulimpoteza. Siku ile ya kwanza sikuuliza ng'ombe huyu alikuwa anakula nini miezi miwili iliyopita, wala sikuuliza kuhusu wenzake watatu waliokuwa wanakaribia kuzaa. Nilitibu mshipa nikaliacha banda.

Niwaeleze kwa nini kalsiamu ina nguvu hivyo. Ng'ombe mkubwa, pamoja na mwili wote ule, ana kama gramu 3 tu za kalsiamu zinazozunguka kwenye maji ya damu yake. Maziwa ya dang'a, yale ya kwanza baada ya kuzaa, yana zaidi ya gramu 2 kwa kila lita. Akitoa lita 10, ametoa gramu zaidi ya 20. Zinatoka wapi? Mwili lazima uzichote kwenye mifupa na kwenye chakula, haraka. Mashine hiyo ya kuchota ikiwa imelala, anaanguka. Na kinachoilaza ni kumlisha mkavu kalsiamu nyingi wiki za mwisho, au majani yenye potasiamu nyingi, kama yale yanayostawi sana pale mnapomwaga samadi kila siku. Majani yale ya kijani kibichi yapeni wanaokamuliwa. Mkavu aliyekaribia kuzaa apewe nyasi zilizokauka vizuri na madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya wakavu, yenye magnesiamu ya kutosha.

Anayeanguka mnamwona. Wengi zaidi hawaanguki. Kalsiamu inashuka kidogo tu, ng'ombe amesimama, mnasema mzima. Lakini kalsiamu ndiyo inayokaza misuli, kwa hiyo tumbo linacheua kivivu, mfuko wa uzazi unashindwa kulisukuma kondo, tundu la chuchu halifungi sawasawa, na hata kinga ya mwili inalegea. Wiki hiyo ataumwa kiwele, wiki ijayo atanuka, mtaita magonjwa matatu na kununua dawa tatu. Ni mlango mmoja ulioachwa wazi.

Akiwa chini, tafadhali, msimnyweshe uji wala maji kwa chupa. Hawezi kumeza vizuri na yataingia kwenye mapafu. Mwegemezeni akae kwa kifua, asilale ubavu akajaa gesi, mkimsubiri daktari. Na kondo likichelewa, msilivute kwa nguvu.

Wiki 3 za mwisho mzoesheni kidogo kidogo chakula cha nguvu atakachokula akianza kukamuliwa. Wadudu wadogo wa tumboni wanaomsagia chakula wanahitaji muda kubadilika. Ukimmwagia ghafla siku ya kuzaa, tumbo linachachuka. Maji yasikatike kamwe. Kama asilimia 87 ya maziwa ni maji, na hakuna pumba itakayoziba pengo hilo.

Kuhusu ndama nitasema moja. Ng'ombe hampitishii mwanawe kingamwili kupitia kondo, tofauti na ilivyo kwetu binadamu. Ndama anazaliwa mtupu. Kinga yake yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na utumbo wake unaanza kufunga mlango saa chache tu baada ya kuzaliwa. Ikifika saa 24 umefungwa. Ndama wa kilo 35 apate lita 3 na nusu, ikiwezekana ndani ya saa 2 za kwanza. Wa nyama pia: ukiona saa zinapita na hajasimama kunyonya, mkamue mama umnyweshe. Na dang'a zuri nalo linategemea mama alivyokula na alivyopumzika akiwa mkavu.

Nimemaliza ya kusimama hapa. Nje ya ukumbi wamefungwa ng'ombe 4 wenye mimba kubwa. Twende. Kila mtu apitishe mkono kwenye mbavu, kwenye nyonga na kwenye shina la mkia, aandike alama yake bila kumwuliza jirani, kisha tutazilinganisha. Yule mwekundu mwenye pembe ndogo mtaambiwa na wengi kwamba ni mzuri. Mguseni vizuri kwenye shina la mkia kabla hamjakubali.