Mwendo wa Lori Zito na Hesabu ya Mteremko

Ndugu zangu madereva, nanyi mnaojifunza udereva, asanteni kwa kuja.

Naanza na lalamiko ninalolisikia kila nikikaa na watu wa malori: kwa nini gari dogo liachwe likimbie na lori libanwe, ilhali barabara ni ileile? Kwenye barabara za mwendo kasi za Ujerumani (Autobahn), lori linalozidi tani 3.5 mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, huku magari madogo yakilipita kama limesimama. Dereva anaona ameonewa. Mimi nasema hapana, na nitawaonyesha kwa hesabu.

Lori la tani 40 likiwa kwenye 80 hukata mita 22 kila sekunde. Breki za upepo hazishiki papo hapo. Hewa lazima isafiri kwenye mabomba mpaka tela la nyuma. Ikichukua nusu sekunde tu, mita 11 zimeshakwenda na mguu wako uko juu ya pedali. Kisha kuna nishati ya mwendo, ambayo hupanda kwa mraba wa spidi. Ukitoka 80 kwenda 100 umeongeza robo tu ya mwendo, lakini kazi ya breki imekuwa zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya awali.

Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya unataka malori yanayozidi tani 3.5 yafungwe kidhibiti mwendo, yasivuke 90. Na huo muda tunaoukimbilia ni upi? Kilomita 300 kwa mwendo wa 80 ni saa 3 na dakika 45. Kwa 90 ni saa 3 na dakika 20. Dakika 25, tena kama njia ni nyeupe mwanzo hadi mwisho. Sheria hizohizo za Ulaya zinamtaka dereva apumzike dakika 45 akishaendesha saa 4 na nusu, na hilo silijadili sana: usingizi hauna breki.

Sasa mteremko. Hapa naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo roho nyingi zinapotelea.

Chukueni mteremko wa asilimia 6 wenye urefu wa kilomita 5. Lori linashuka mita 300 kwenda chini. Ukiondoa kinachomezwa na upepo na matairi, joto linalobaki ni sawa na kulisimamisha lori hilo kutoka 80 mara 10 mfululizo, bila breki kupata nafasi ya kupoa. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka, ikakimbia mbali na viatu vya breki vinavyopaswa kuibana. Unakanyaga, pedali inakubali, lori halikubali.

Kibao hapo juu kinaweza kuandika 60. Hiyo 60 ni kikomo, hukuahidiwa kwamba mzigo wako unaiweza. Gia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka, kwa sababu mwendo ukishakuzidi, gia nzito inaweza kukataa kuingia, ukabaki huna gia kabisa. Wazee wa kazi walisema gia uliyopandia ndiyo ushukie. Kwa malori ya leo yenye injini kubwa, tumia gia ya chini zaidi ya hiyo. Iache breki ya injini, yaani injini yenyewe inavyolizuia lori, ibebe kazi. Mwendo ukifika kwenye kiwango ulichojiwekea, kanyaga kwa uthabiti mpaka upungue kilomita 8 hivi, achia, subiri, rudia. Kuegemeza mguu kwenye pedali kutoka juu hadi chini ni kuzichoma breki polepole. Na kuitoa gia ili kuokoa mafuta, jamani, hilo naomba liishe leo.

Ikitokea breki zimekwisha nguvu na mbele yako kuna njia ya dharura ya changarawe, ingia humo mapema. Usijiambie kwamba utaiweza kona inayofuata. Magurudumu yatazama, mzigo utamwagika, na tajiri atafoka. Utamsikia akifoka, kwa masikio yako mwenyewe.