Muulize Mpika Pombe

Shikamooni wakubwa wangu. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa kunikaribisha tena. Nasema tena kwa sababu baadhi yenu mlinisikia nikilisema jambo hili, kwamba mtafiti wa pombe amuulize na mpika pombe, mwaka jana na mwaka juzi, na nitaendelea kulisema hadi nilione kwenye fomu zenu za utafiti. Habari za ukubwa wa tatizo la pombe vijijini nazipita. Ninyi ndio mnaokaa zahanati, ninyi ndio mnaowapokea Jumatatu asubuhi. Twende moja kwa moja kwenye dodoso.

AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa pombe, mnaijua. Maswali 10, alama mwisho 40, mtu akifika 8 tunasema unywaji wake una hatari. Shirika la Afya Duniani liliitengeneza kutokana na kazi iliyofanyika katika nchi sita, na mojawapo ni Kenya, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba ni kitu cha Wazungu kisichotuhusu. Imetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa hapahapa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa wagonjwa waliopata ajali. Ni kifaa kizuri, mimi mwenyewe nakitumia. Ugomvi wangu ni na swali la 2. "Siku unayokunywa, kwa kawaida unakunywa vinywaji vingapi?"

Vinywaji vingapi! Kinywaji kimoja kwa kipimo cha Shirika ni gramu 10 za kilevi halisi. Mwenye bia ya chupa hesabu yake ni nyepesi: nusu lita, asilimia 5, hiyo ni mililita 25 za kilevi, zidisha kwa 0.79 upate uzito, unakaribia gramu 20. Bia moja, vinywaji viwili, tumemaliza. Sasa nenda na hesabu hiyo kwenye kilabu cha pombe ya kienyeji uone itakavyokukwama.

Nilipoanza kazi nilikuwa mdadisi, yule anayezunguka kujaza fomu za utafiti. Tulipelekwa kijiji kimoja huku mlimani, sitakitaja, watu wake wapo na wengine ni jamaa za walioketi humu. Nikamkuta mzee mmoja kwenye kivuli cha migomba, amekaa na wenzake wanne, kata ya mbege, yaani kibuyu cha pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Nikamwamkia, akanikaribisha, nikafungua fomu. Nikafika swali la 2.

"Vinywaji?" akaniuliza. "Mimi nakunywa mbege tu."

"Sawa, Meku," nikasema, maana ndivyo mzee anavyoitwa kwa Kichaga. "Mbege ngapi?"

"Kata inakuja kwangu, napiga mafunda yangu, nampa huyu."

"Inakuja mara ngapi?"

"Mpaka iishe."

"Inaisha saa ngapi?"

"Mama akisema imeisha."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananijibu kwa moyo wake wote, kila neno lilikuwa kweli, na fomu yangu haikuwa na mahali pa kuliweka hata moja. Nikaandika "1 au 2", kwa sababu kisanduku lazima kijazwe na gari lilikuwa linatusubiri barabarani. Mzee akatoka na alama 5. Salama. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kila alipoipokea kata. Nikaiona, nikadhani ni uzee, sikuiandika popote. Mtakumbuka mikono hiyo, nitairudia.

Nikawa naondoka. Mama mwenye pombe alikuwa anachuja kwenye ndoo, akaniita. "Mwanangu, mbona mimi hujaniuliza?"

Nikamwambia, "Mama, kumbe na wewe unakunywa?"

"Mimi nauza. Lakini hayo uliyokuwa unamuuliza Meku ninayo mimi."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule la mtoto wake. Mbele hesabu za darasa la nne, nyuma hesabu za mama. Majina, na mbele ya kila jina lita. Maana wale wazee hawalipi papo hapo, wanalipa kahawa ikiuzwa, na mwenye pombe asipoandika ataliwa. Meku wangu wa "1 au 2": lita tatu, kila siku ya Mungu. Chukulia mbege ile ilikuwa na nguvu ya asilimia 4. Lita tatu ni mililita 120 za kilevi, gramu 95 hivi. Vinywaji tisa na nusu! Ukisahihisha swali la 2 na swali la 3, lile la kunywa sita au zaidi kwa mkupuo, mzee anaongezeka kwa uchache alama saba. Kutoka 5 anakwenda 12. Tulikuwa na kijiji kizima cha watu wa aina hiyo, tukaenda kuandika ripoti.

Kwa hiyo neno langu ni hilo. Muulizeni mpika pombe. Anajua debe ngapi zimeiva leo na ngapi zimebaki. Anajua nani anakuja Jumapili tu baada ya kanisa na nani anagonga mlango kabla hajawasha moto. Anajua nani alikuwa anatosheka na lita moja miaka miwili iliyopita na sasa hatosheki na mbili. Daktari anaitafuta habari hiyo kwa maswali 10, mama huyu anayo bila kuulizwa, kwa sababu ndiyo riziki yake.

Na mkishamuuliza, pimeni chombo. Chukua kata yake, kikombe chake, chupa yake ya plastiki, mimina maji, pima kwa jagi lenye mistari, andika. Halafu pimeni nguvu. Mbege haitulii: ndizi zimechemshwa, maji yake yamechanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na inaendelea kuchacha ikiwa palepale kwenye pipa. Ya asubuhi si ya jioni, na ya kesho ni nyingine. Pimeni mara tatu kwa siku. Ukienda Njombe kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, ni hivyo hivyo, mnywaji wa ulanzi mtamu wa asubuhi na wa ulanzi mkali wa jioni ukiwaandikia "kikombe kimoja kimoja" umewadanganya wote wawili. Gongo ndiyo usiseme. Ikiwa na asilimia 40, robo lita peke yake ina gramu 79, vinywaji vinane kasoro kidogo, na mtu atakuambia kwa uaminifu kabisa kuwa alikunywa "kidogo tu".

Naona nyuso. Kuna anayesema moyoni, mpika pombe atadanganya. Atadanganya ndiyo, ukimwendea na mtendaji wa kijiji na mgambo wawili. Wewe ungesema kweli? Gongo imekatazwa kwa sheria ya mwaka 1966, sheria yenyewe inaiita "moshi". Mama anayeipika anaweza kufungwa. Ukiandika jina lake, nyumba yake na neno gongo kwenye karatasi moja, umeandika hati ya mashtaka na kuiweka kwenye begi lako. Na begi la mdadisi huachwa popote, kwenye bodaboda, kwenye mgahawa. Jina liondoke. Tumia namba, na ufunguo wa namba, ile orodha ya namba ipi ni ya nani, usilale kijijini. Kamati ya maadili ikikuuliza, waeleze hivyo hivyo. Na mwenyeji wako awe mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayepima watoto wa mama huyo.

Mwingine anasema, kukaa na wapika pombe ni kuwahalalishia. Mbona tunakaa na wenye mabucha tunapochunguza minyoo? Mimi natamani hawa mama wapate kazi nyingine hata kesho. Lakini ada ya mtoto yule wa darasa la nne ilikuwa inatoka kwenye lile pipa, na mtafiti atakayejifanya haioni hataelewa kwa nini pipa halikauki. Marufuku nazo tumeziona. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Machi 2017, na mimi nilifurahi, nilikuwa nimechoka kuviokota nje ya uzio wa shule. Ila kiroba kilikuwa na maandishi, mililita zake na asilimia zake, ungeweza kumhesabia mtu. Gongo kwenye chupa ya maji haina maandishi. Kenya wao walikwenda njia nyingine, mwaka 2010 wakairuhusu chang'aa, gongo yao, kwa masharti, na bado Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu na kwingineko kwa pombe iliyotiwa methanoli, kilevi cha sumu. Ukiruhusu au ukikataza, lazima mtu ajue kilichomo ndani ya kikombe. Mpaka leo ajuaye ni mpika pombe.

Nimeambiwa nimebakiza dakika kumi. Nairudia ile mikono.

Mjini mraibu wa heroini akiikosa anaitwa ana arosto. Kila mtu analijua neno hilo, mateja wenyewe, polisi, hata kondakta wa daladala. Na likishajulikana kwa jina linatibiwa: Muhimbili walianza kutoa dawa yake, methadoni, mwaka 2011, na kliniki zikafuata kwingine. Kijijini arosto ya pombe haina jina. Tunalo neno la dawa yake, kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili utulie, tena tunalisema kwa kucheka. Ugonjwa wenyewe haujapewa jina, na ndiyo maana mimi nilimtazama mtu anayeumwa nikamwandika mzee.

Sikilizeni hapa vizuri, hasa ninyi wa zahanati. Mtu anayekunywa kila siku kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kufa. Siku ya kwanza anatetemeka, anatoka jasho, hali chakula, halali usingizi. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kifafa. Ya pili hadi ya nne anachanganyikiwa, anaona wadudu wanapanda ukutani, anazungumza na watu ambao hawapo, homa inapanda. Nyumbani watasema amerogwa, ama ni mapepo, wampeleke kuombewa. Na anakatishwa na nani? Mgambo wamemkamata kilabuni, yuko mahabusu. Au amevunjika mguu, amelazwa wodini. Au familia imekaa kikao, imemfungia ndani kwa upendo. Kwa upendo kabisa! Hapo anahitaji diazepamu kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku, anahitaji vitamini B1, na B1 itangulie kabla ya dripu ya glukosi. Zahanati yako haina? Andika rufaa siku hiyo hiyo, usisubiri aanze kuona wadudu. Na wewe mtafiti, utakayemkuta anatetemeka kabla ya saa nne asubuhi huyo si namba tena, funga fomu umpeleke.

Kazi ya KCMC, ile waliyoiita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, naipenda kwa jambo moja: muuguzi anakaa na aliyeumia, pale pale akiwa bado na bandeji, wanazungumza kuhusu pombe bila kumfokea, halafu ujumbe wa simu unamfuata nyumbani. Naiomba iteremke zahanati. Wanaofika KCMC ni walioanguka na pikipiki. Meku hapandi pikipiki, anatembea mita mia mbili kutoka kitandani hadi kwenye kata.

Haya mengine nayapitisha mbio. Kifua kikuu: anayekunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku hatari yake ni karibu mara tatu, na gramu 40 sasa mnaweza kuzihesabu wenyewe, ni bia mbili. Anayetibiwa kifua kikuu aulizwe pombe, kila mmoja. Wapika pombe wajawazito: wanaonja wakiwa wanapika, ndiyo kazi yao, mpika pombe huonja kabla hajawapa watu, na hakuna anayewahesabia mionjo. Nilitaka nusu saa nzima ya jambo hilo, sina. Vijana na bodaboda, hilo atalisema mwenzangu wa mchana.

Majibu. Majibu yarudi kijijini. Nimezunguka miaka mingi na nimekuta vijiji vilivyododoswa mara nne, havijawahi kusomewa hata ukurasa mmoja. Ombeni nafasi kwenye mkutano wa kijiji, semeni kwa lita na kwa debe, gramu ziacheni kwenye majarida. Mama yule nilimrudia baada ya mwaka na jagi langu lenye mistari. Akanionyesha ukurasa wa Meku. Lita zilikuwa zimekoma katikati ya mwezi wa saba, na deni lake lilikuwa halijafutwa. "Nimeliacha tu," akaniambia. "Nikilifuta itakuwa kama hakuwahi kukaa hapa."

Wale mnaokwenda Rombo wiki ijayo, msitoke. Majagi yenu ninayo kwenye gari, na fomu ya swali la 2 nimeiandika upya. Njooni mzichukue kabla ya chai.