Mji Uliopimwa kwa Boriti

SALMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Salma, na huyu anayejikanda kisigino hapa ni kaka Fadhili.

FADHILI: Ndiyo unitangaze, dada? Saa tatu kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na ndara mguuni si mchezo.

SALMA: Nilikwambia uvae viatu. Haya, leo tuko Zanzibar. Tumetembezwa kwa miguu kutoka Forodhani mpaka Mkunazini. Mimi ilikuwa mara yangu ya nne, na zile tatu za mwanzo nilionyeshwa milango tu. Huu wa Kiarabu, ule wa Kihindi, piga picha, twende.

FADHILI: Milango ni mizuri lakini, tusiidhulumu.

SALMA: Mizuri mno. Ila safari hii tukampata mzee mmoja, akatusimamisha mbele ya ukuta uliobanduka. Ukuta mtupu!

FADHILI: Nikasema moyoni, hapa tumeliwa.

SALMA: (anacheka) Halafu akakwambia uweke mkono.

FADHILI: Nikauweka. Lipu imedondoka, ndani mawe ya matumbawe, yana vitundu kama mkate wa kumimina. Kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa na udongo. Ukikwaruza kwa ukucha, unga unatoka. Na juu kidogo kuna tundu la mviringo, mna kichwa cha boriti kimekatika.

SALMA: Kwa msikilizaji wa bara: boriti ni mti wa mkoko. Zinalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe bapa ya matumbawe, kisha chokaa inamwagwa na kupondwapondwa mpaka inashikana. Hiyo ndiyo dari ya chini na sakafu ya juu.

FADHILI: Sasa lililonikaa mimi ni hili. Boriti nzuri haizidi sana mita tatu. Kwa hiyo chumba nacho hakizidi mita tatu kwenda upana! Uwe tajiri wa karafuu, uwe nani, utaongeza urefu, utaongeza ghorofa, upana huwezi. Ndiyo maana vyumba vya kule ni kama vibanda vya treni. Miaka yote nilidhani ni mtindo tu.

SALMA: Mkoko ndio uliokuwa fundi mkuu.

FADHILI: Na tukafika Beit al-Ajaib, nikaelewa kwa nini watu waliiita nyumba ya maajabu.

SALMA: Wengi watakwambia ni umeme na lifti.

FADHILI: Hayo yapo. Lakini iangalie baada ya kutoka kwenye zile nyumba za boriti. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883, akazungusha nguzo za chuma cha kusubu, ghorofa juu ya ghorofa, na mabaraza mapana ambayo mkoko usingeweza kuyabeba. Mtu aliyezaliwa kwenye chumba cha mita tatu akisimama pale mbele, lazima ashangae.

SALMA: Tena zile nguzo zilistahimili mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, vita vile vya dakika chache. Jumba la jirani, Beit al-Hukm, likaisha kabisa. Mnara wa saa uliokuwa peke yake ukaangushwa, ndipo ukajengwa mwingine, ukabandikwa kwenye uso wa Beit al-Ajaib.

FADHILI: Ambao nao haupo.

SALMA: Haupo. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara. Watu wawili walifariki. Mzee wetu pale hakusimulia sana, aliangalia tu.

FADHILI: Tukapita Ngome Kongwe, hapo sikai. Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, basi.

SALMA: Unaruka ngome nzima kwa sababu ya kisigino?

FADHILI: Jua lilikuwa kali, dada! Twende Mkunazini kwenye kivuli.

SALMA: Kivuli chenye uzito wake. Pale palikuwa soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ujenzi wa kanisa la Anglikana ukaanza. Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili, ndiye aliyesimamia. Na paa lake sasa, kaka, lieleze.

FADHILI: Hakuna boriti hata moja! Ni tao moja refu, la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Kuna waliosema litaanguka. Mpaka leo liko. Halafu kule nyuma kuna nguzo zimesimama kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa hayupo.

SALMA: Hiyo napenda kuiamini. Nje ndipo nilipokaa sana. Sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Ziko chini ya usawa wa ardhi, kwa hiyo unawatazama ukiwa juu yao. Sikuipenda nafasi ile niliyopewa, na nadhani ndivyo mchongaji alivyotaka.

FADHILI: Nikakumbuka mnyororo uliochongwa kwenye miimo ya mlango tuliopita asubuhi. Waongozaji wengine husema mwenye nyumba aliuza watu. Wengine husema ni ulinzi wa nyumba tu.

SALMA: Mzee alisema nini?

FADHILI: Alisema, "Uliza ukuta, mlango unaweza kuhamishwa."

SALMA: Maneno hayo! Lakini nilimwelewa aliposhika pale palipozibwa kwa saruji. Chokaa inapumua, maji ya mvua yakiingia yanatoka. Ukiipaka saruji juu, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inavimbisha lipu, na kichwa cha boriti kinaoza kimyakimya ndani ya ukuta. Kwa nje nyumba inang'aa.

FADHILI: Usiku kule nilikolala nilikipima chumba kwa hatua. Upana nne fupi, urefu tisa.

SALMA: Na ukuta?

FADHILI: Umepakwa vizuri, rangi ya maziwa. Ila karibu na sakafu, nyuma ya kitanda, rangi imevimba kama lengelenge. Nikaweka mkono.

SALMA: Ukasikia nini?

FADHILI: Majimaji. Nikatazama juu, nikazihesabu boriti, kisha nikakisogeza kitanda.